Nyota nne kwa dada wa mahesabu ya marehemu, na mshahara niliojipa mwenyewe kwenye duka la kaka

Nimekaa na huu mrejesho muda mrefu kwa sababu ili nimsifie huyu dada vizuri inabidi kwanza nijianike mwenyewe, na mtu kujianika si kazi ndogo. Ila kuna jamaa wawili wa hapa Dodoma wako kwenye shimo lile lile nililokuwemo, wamenipigia kila mmoja kwa wakati wake, nikaona niandike mara moja tu niwatumie.

Huduma yenyewe ni kutengeneza hesabu za mirathi pale marehemu alipoacha biashara inayotembea. Huyu dada si wakili, ni mhasibu, mtu mzima tu wa makamo, ana chumba ghorofa ya kwanza mitaa ya Uhindini, chini yake kuna steshenari na mama anauza chai ya tangawizi. Jina silitaji maana mwenyewe kanikataza, anasema akitangazwa ataletewa ugomvi wa koo zote kuanzia Mpwapwa mpaka Singida na yeye anataka mahesabu tu. Alinitoza 350,000, nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha, fotokopi mbali. Hizo fotokopi nitazirudia.

Sasa stori. Kaka yangu alikuwa na duka la spea za pikipiki maeneo ya Sabasaba, fremu moja na kibaraza pembeni wanapokaa mafundi wawili. Spea za Boxer, TVS, Haojue kidogo. Haikuwa kampuni, ni jina la biashara tu, TIN yake, leseni yake, lipa namba yake, vyote ni yeye. Presha ikamchukua usiku mmoja, tukampeleka Kondoa tukazika. Na mtu wa namna hiyo akifa biashara kisheria inakuwa imeondoka naye, hakuna kampuni inayobaki imesimama, kinachobaki ni mzigo, madeni, na fremu ambayo mwenye nyumba anataka kodi yake, na huku boda wanakuja asubuhi wanaulizia plagi kama vile hakuna kilichotokea.

Ukoo ukakaa, muhtasari ukaandikwa, nikapendekezwa mimi. Nasema nikapendekezwa maana na mimi nilitembea wiki nzima najua ukoo umeniteua, kumbe ukoo kazi yake kupendekeza, anayeteua ni mahakama. Cheti cha kifo RITA, fomu namba moja mahakama ya mwanzo, tangazo, kusubiri, mwisho nikapewa barua ya usimamizi na kila mtu akanipongeza kama nimepata kazi serikalini.

Na hapa naomba muelewe kitu, mimi si mrithi. Sisi Waislamu, na marehemu ameacha mke, mama yetu yupo, na watoto watatu, wa kiume mmoja yuko chuo kikuu, UDOM, na wa kike wawili bado wadogo, mmoja ana miaka 15 mwingine 9. Akishakuwepo mtoto wa kiume, sisi ndugu zake marehemu tunakaa pembeni. Mke anachukua thumuni, yaani moja ya nane, mama sudusi, yaani moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja. Ukikata mafungu 96 mke ana 12, mama 16, kijana 34, na kila binti 17, na mimi ninayefungua duka saa moja asubuhi nina sifuri. Bajaji yangu nilikuwa napiga Area D na mjini, nikamwachia dogo mmoja awe ananiletea hesabu ya siku, akaiua injini ndani ya miezi miwili, hiyo nayo siku nyingine.

Mwezi wa kwanza sikuchukua kitu, wa pili nilichukua ya nauli nikairudisha, wa tatu nikakaa na kaunta buku za bro nikaona yeye alikuwa anatoa kama laki tisa kwa mwezi ya nyumbani, nikajiambia aisee mimi nikichukua nusu yake nitakuwa nimewahurumia sana hawa watu. Tarehe moja nikaandika kwa kalamu nyekundu "Msimamizi 450,000". Tarehe moja iliyofuata tena. Miezi tisa hivyo. Sikuficha, naomba hilo lieleweke, niliandika kwenye kitabu kinachokaa juu ya kaunta. Ila pia sikumwambia mtu.

Aliyekiona kitabu ni shemeji, mke wa marehemu. Alikuja mchana mmoja wa jua kali, vumbi la Dodoma mnalijua, kaja na binti mdogo, anataka elfu themanini ya viatu na michango ya shule. Nikamwambia shemeji biashara ngumu mwezi huu, boda wenyewe hawana hela, subiri wiki ijayo. Akakaa kwenye kile kigoda cha mafundi, mi nikaenda ndani kutafuta breki shuu ya mteja, narudi namkuta amefungua kitabu anasoma taratibu kwa kidole. Hakupiga kelele. Akakifunga tu, akasema, "Shemeji, ya kwako inatoka kila tarehe moja, ya kwetu inatoka biashara ikiwa nzuri." Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Mteja wa breki shuu alikuwa amesimama pale pale kasikia kila kitu na akaanza kuomba apunguziwe bei.

Kabla ya huyo dada nilikuwa nimeshapita kwa mtu mwingine. Huyu ni wale wanaojazia watu fomu nje huko, simtaji na sehemu anayokaa siitaji. Alinichukulia 70,000 akanijazia fomu namba 5, ile ya orodha ya mali na madeni, ambayo kwa mahakama ya mwanzo unatakiwa uwe umeipeleka ndani ya miezi minne tangu uteuliwe. Akaandika mstari mmoja, "duka la spea, 1, thamani milioni 20". Basi. Hakuna stoku, hakuna nani anadaiwa, hakuna sisi tunadaiwa na nani. Nilipomuuliza habari ya mimi kujilipa akasema msimamizi ana asilimia kumi yake ya mali yote, nikamuuliza imeandikwa wapi, akasema ni utaratibu. Mi nikafurahi, nikaona kumbe hata sijafikisha haki yangu. Mtu akikupa jibu unalolitaka huwa huulizi swali la pili.

Halafu mahakama ikapanga siku ya mimi kuleta fomu namba 6. Hiyo ndo yenyewe, ndo hesabu, hela iliyoingia, iliyotoka, kilichouzwa, kila kitu. Nikaanza kulala vibaya. Fundi wetu mmoja ndo akaniambia kuna dada pale Uhindini aliwasaidia majirani zake wa Chang'ombe, mzee wao alikuwa na mashine ya kukoboa.

Siku ya kwanza nilibeba kaunta buku nne, moja imeliwa na panya pembeni, na mfuko wa rambo umejaa risiti. Nilitegemea afungue laptopu. Hakuifungua. Akauliza kaka yako kafariki tarehe ngapi, akafunua kitabu mpaka siku hiyo, akachukua rula akapiga mstari chini ya mauzo ya mwisho ambayo bro aliandika kwa mkono wake, plagi mbili na tyubu moja. Akasema hela iliyo juu ya huu mstari ilikuwa ya kwake, iliyo chini ni ya watu watano na wewe humo haumo. Nikamwambia lakini yeye alikuwa anachukua laki tisa. Akaniangalia kama mwalimu wa hesabu wa zamani. Kaka yako, akasema, hakuwahi kujilipa mshahara hata siku moja, mtu mwenye duka lake mwenyewe hana mshahara, anachota tu kwenye mfuko wake mwenyewe, akichota laki tisa au akichota milioni ni juu yake na njaa yake, sasa wewe umemuona anavyochota ukadhani ni cheo na cheo kina mshahara.

Hapo tu, kwangu mimi, ile 350,000 ilikuwa imesharudi.

Akatoa bahasha tatu za kaki. Ya kwanza akaandika hela ya mfukoni kwako, yaani chochote nilichotoa mimi binafsi kwa ajili ya mirathi, hiyo narudishiwa yote ila iwe na karatasi. Ya pili akaandika kazi ya duka, yaani kusimama kaunta, kwenda kufuata mzigo, kazi ambayo nisingeifanya mimi tungemlipa mtu mwingine aifanye. Ya tatu akaandika usimamizi, yaani kwenda mahakamani, kujaza fomu, kukaa vikao, kukusanya na kugawa, hii akaifunga mdomo kabisa haijawekwa kitu ndani. Hiyo haina mshahara, akasema, labda marehemu awe ameacha wosia unaosema ulipwe, au warithi wakubwa wote wakubali kwa hiari yao, au mahakama ikuruhusu. Umepewa dhamana na dhamana hailiwi. (Binamu yetu yuko Leicester, aliniambia baadaye kule Uingereza wenye biashara zao wakiandika wosia wanasheria huwaweka kabisa kipengele kwamba msimamizi wa kitaalamu atalipwa na kingine cha kuruhusu biashara iendelee kuendeshwa. Bro yeye hakuacha hata karatasi ya sigara.)

Bahasha ya pili ndo tuligombania. Mimi nataka 450,000 ikae kama ilivyo. Yeye akasema sawa, tukaulize. Akashuka ngazi, tukapanda bodaboda, akaenda mwenyewe kwenye maduka matatu ya spea, anajifanya anatafutia mdogo wake kazi, anauliza mtu wa kaunta mwenye uzoefu mnamlipa ngapi. La kwanza wakasema laki mbili, la pili laki mbili na nusu, la tatu laki mbili na nusu na chakula. Akaniambia haya bwana, bei yako ni 250,000, na chakula usiniambie kwa sababu mama lishe analeta sahani tatu hapo dukani tangu enzi za kaka yako na nimezikuta kwenye kitabu. Akaongeza kwamba 250,000 haifiki hata 270,000 kwa hiyo hata PAYE, ile kodi ya mshahara, haikatwi, alisema kama ananipa zawadi.

Mkitaka hesabu yenyewe ni hii. Nilichukua 450,000 mara 9 ambayo ni 4,050,000. Nilistahili 250,000 mara 9 ambayo ni 2,250,000. Nimezidisha 1,800,000. Bahasha ya kwanza ikafunguliwa, nilikuwa nimelipa kodi ya fremu miezi mitatu kwa hela yangu wakati akaunti ya bro imefungwa, 600,000, na gharama za kufuatilia vyeti, mahakama na nauli za Kondoa zenye risiti 185,000, jumla 785,000. Nyingine kama 140,000 sikuwa na karatasi akazikataa, nilibishana nusu saa, nikamwambia dada nauli ya boda nani anatoa risiti, akasema ndo ujifunze kuandika siku hiyo hiyo. Toa 785,000 kwenye 1,800,000 unabaki unadaiwa 1,015,000. Mimi. Msimamizi niliyepongezwa.

Kazi ya stoku ndo nilimvulia kofia. Alikuja dukani siku mbili, kavaa raba, anahesabu seti za cheni mpaka chini ya shelfu kwenye vumbi. Shida ilikuwa bei za kununulia. Bro alikuwa na ile tabia ya wafanyabiashara wa zamani, kwenye boksi haandiki bei aliyonunulia kwa namba, anaandika kwa herufi, neno moja la herufi kumi ambazo hazijirudii, kila herufi ni namba, ufunguo anao kichwani. Kaenda nao. Kwa hiyo mi nilikuwa nauza kwa kukisia mwaka mzima, kumbe shokapu za nyuma nilikuwa nauza kwa hasara na nashangaa zinavyotoka haraka. Huyu dada akachukua invoisi tatu za Kariakoo za tarehe zinazojulikana, akatafuta maboksi ya mzigo ule ule, akalinganisha herufi na namba, ikapatikana sita, halafu akakaa kimya anatafuna karanga, akaniuliza kwenu mama yenu mlikuwa mnamuitaje mkiwa wadogo. Nikamwambia. Akaandika kwenye kiganja, akahesabu, akacheka. Lilikuwa neno hilo na jina la kijiji vimeunganishwa. Nilitoka nje nikakaa na mafundi kidogo. Neno lenyewe siliweki hapa maana bado tunalitumia.

Tukapata thamani ya mzigo ya siku aliyofariki na ya siku ile. Ile "milioni 20" ya yule wa fomu ilikuwa hewa tupu, mzigo kwa bei ya kununulia haukufika hata 12. Ikabidi tuiambie mahakama ukweli, orodha ikarekebishwa.

Kuna mambo mengine nitayapitia haraka. La mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi ya kulipa baadaye, lilinishtua. Miezi ya katikati nilichukua mzigo wa 3,200,000 kwa mali kauli kwa tajiri wa bro Kariakoo, nikaandika kwenye madeni ya marehemu. Akalikata na kalamu. Marehemu hawezi kukopa akiwa kaburini, akasema, hilo deni ni lako wewe uliyesema nipe nitalipa, yule tajiri akitaka anakukamata wewe kwanza, halafu ndo wewe unajirudishia kutoka kwenye mirathi kama ulikopa kwa faida ya mirathi. Nikajiona nimebeba milioni tatu begani bila kujua.

Lipa namba nayo. Kile kibandiko kilikuwa bado kwenye kaunta, mteja akilipa simu inamletea jina la bro, wengine wanauliza huyu si ndo yule aliyefariki, wengine wanakaa kimya wanakuonyesha tu simu. Na hela haitoki, inaingia tu inajaa mule. Alinilazimisha nikibandue siku ile ile, tukaanza taratibu za kuipata kwa barua ya usimamizi. TRA pia tulienda, maana zile awamu za kodi ya makadirio za Machi, Juni, Septemba na Desemba hazijui kuwa mtu kafa, na mashine ya risiti ilikuwa bado inatoa jina lake. Hapo hatukuchukua muda, alishajua dirisha gani na barua ipi.

Swali lingine alilouliza ambalo hakuna mtu ukoo mzima alishawahi kuliuliza, mnaendesha hili duka mpaka lini. Maana kwa maelezo yake msimamizi hakurithi kiti cha marehemu, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kufunga faili, duka linaendeshwa kwa muda ili lisife kabla ya kugawiwa au kuuzwa likiwa hai, unazungumzia kama mwaka hivi, siyo wewe uzeekee humo. Mahakama za juu ndo hivyo pia, ukiwa mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu chini ya Sura ya 352, ile sheria ya mirathi, orodha ni miezi sita na hesabu ni mwaka. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kuongeza fremu ya pili.

Kikao cha familia alikataa kuja, na hapo nilimuelewa. Alinipa karatasi nne tu zilizochapwa, nyeupe, hata mama alizielewa baada ya kijana kumsomea. Tulikaa nyumbani kwa shemeji Nkuhungu, Jumapili, wali na maharage, wazee wawili wametoka Kondoa. Nikasoma mwenyewe ile 4,050,000. Kimya. Mzee mmoja, ambaye mimi nilidhani ndo atanimaliza, akataja ile aya ya 6 ya Suratul Nisaa, inayozungumzia anayeshika mali ya mayatima, kwamba mwenye uwezo ajizuie na aliye fukara ale kwa kiasi kinachokubalika. Basi kikao kikahama, wakaanza kujadili kwa kina mimi ni tajiri au ni fukara, watu wanachangia kabisa, mpaka mama akasema, "Huyu? Bajaji yenyewe imekufa injini." Shemeji akacheka, ndo mara ya kwanza namsikia anacheka tangu msiba.

Wakakubali 250,000, kuanzia nyuma na kwenda mbele mpaka duka ligawiwe. Shemeji, mama na kijana wakasaini. Ila yule dada alishanionya mapema kwamba sahihi hizo ni za watu wazima kwa mafungu yao, hakuna mtu pale, hata mama yao, anayeweza kusaini kuachia haki ya mabinti wawili wadogo kimya kimya, kwa hiyo ile 250,000 iandikwe wazi kabisa kwenye fomu namba 6, mstari wake peke yake, na maelezo ya maduka matatu, hakimu aione na aamue. Nilitaka tuichanganye kwenye "gharama za uendeshaji" ipite. Akasema mimi kazi ya kupitisha vitu sifanyi, mtafute yule wa 70,000.

Mahakamani hakimu aliusoma huo mstari mara mbili, akamuuliza shemeji unaukubali, akamuuliza na kijana, akaniuliza mimi ile 1,015,000 utairudishaje, nikasema laki moja kila mwezi nakatwa humo humo kwenye ujira. Akaandika. Hesabu ikapokelewa. Dakika kama kumi na tano, na mimi nilikuwa nimefunga Sunna siku hiyo kwa hofu.

Sasa kwa nini nyota nne na siyo tano.

Fotokopi. Jamani. 34,400 ya fotokopi! Kurasa 172 kwa mia mbili mia mbili, na mashine ni ya pale pale chini kwa steshenari, nina wasiwasi kuna mgao kati yao ila sina ushahidi. Angeniambia mapema ningekopi kwingine. Pili, ikikaribia tarehe 20 ya mwezi hapatikani, anahangaika na ritani za VAT za wateja wake wakubwa, simu inaita tu, mimi alinichelewesha wiki mbili na siku ya mahakama inakaribia, nilikonda. Tatu, mdomo. Anasema ukweli bila kukusogezea kiti. Mzee anayemfuata kwa ajili ya duka la mtoto wake aliyefariki sijui atavumilia vipi, mi mwenyewe siku ya zile nauli 140,000 nilitaka kuchukua vitabu vyangu niondoke.

Pia kama ugomvi wenu umeshafika kwenye kuomba msimamizi aondolewe, huyu si mtu wako, hapo tafuta wakili au nenda kaulize msaada wa kisheria kwanza, yeye atakutengenezea hesabu tu na hesabu zenyewe zinaweza zikakuumbua wewe uliyemlipa, kama mimi.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla ya saa nne, ulizieni pale chini dada wa mahesabu ya marehemu, watacheka kidogo halafu watawaonyesha ngazi. Bebeni vitabu vyote hata vilivyoliwa na panya, bebeni invoisi za zamani, na barua ya usimamizi ile yenyewe siyo kopi, maana kopi, kama nilivyosema, mtazilipia hapo hapo.

Nimesharudisha 700,000. Kila tarehe moja shemeji anakuja dukani, anafungua kile kitabu, safari hii tunaandika wote, kwanza ya nyumbani, halafu 250,000 yangu, halafu 100,000 inakatwa, anasaini yeye nasaini mimi. Zimebaki 315,000. Viatu vya binti mdogo vilishanunuliwa zamani na sasa vimeshambana.